Kabla ya Siku ya Kwanza ya Shule: Miaka Ambayo Mtoto Haonekani Kliniki

Kwa miongo mingi, katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, mtoto aliyepelekwa kuandikishwa shule alitakiwa kupitisha mkono wa kulia juu ya kichwa na kulishika sikio la kushoto. Aliyelifikia aliandikwa; aliyeshindwa alirudishwa nyumbani akakue. Kipimo hicho kilitumika kwa sababu vyeti vya kuzaliwa vilikuwa vichache, na hakikuwa cha kipuuzi kama kinavyoweza kudhaniwa leo. Kichwa cha mtoto mchanga huchukua karibu robo ya urefu wa mwili wake wote, na mikono yake ni mifupi. Kadiri anavyokua, mikono hurefuka kwa kasi kuliko kichwa, na kwa kawaida vidole hulifikia sikio la upande wa pili anapokaribia miaka sita au saba. Kasoro ya kipimo hicho ni kwamba kilipima mifupa tu. Hakikueleza iwapo sikio lililoshikwa linasikia, iwapo mtoto anaielewa lugha ya mwalimu, wala iwapo anaweza kuketi na kungoja zamu yake.

Siku hizi umri hujulikana zaidi kwa cheti. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania, katika toleo lake la mwaka 2023, inaelekeza mtoto apate elimu ya awali ya mwaka mmoja akiwa na miaka mitano, kisha aanze darasa la kwanza akiwa na miaka sita. Ada katika shule za umma iliondolewa kuanzia Januari 2016. Hata hivyo, kipimo cha utayari kinachotumika majumbani hakijabadilika sana: wazazi wenye nia njema humkaririsha mtoto herufi na namba, na akiweza kuzitaja mbele ya wageni huhesabiwa kuwa yuko tayari. Herufi hujifunzwa kwa miezi michache mtoto akiwa na afya, lugha na utulivu. Mambo hayo matatu ndiyo yasiyoweza kukaririshwa wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa.

Ubongo wa mtoto hufikia takriban asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima anapotimiza miaka mitano au sita. Sehemu kubwa ya ujenzi huo hutokea mtoto akiwa bado mgongoni na mapajani kwa mama, na katika kipindi hicho mtaalamu anayekutana naye si mwalimu, bali ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto. Ratiba ya chanjo ya Tanzania humfikisha mtoto kituoni baada ya kuzaliwa, akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, kisha akiwa na miezi 9 na miezi 18. Sindano ya pili ya surua-rubela, ile ya miezi 18, ndiyo ya mwisho kwa mtoto mdogo. Kadi ina nafasi za kuandika uzito hadi miaka mitano, lakini kadi nyingi huishia hapo. Mama huona kazi imekwisha, na mara nyingi mhudumu naye huona hivyo hivyo.

Kati ya chanjo hiyo na darasa la awali kuna miaka mitatu na nusu. Ndiyo miaka ambayo mtoto huunganisha maneno kuwa sentensi, hujifunza kuzuia mkono wake usipore, na huanza kuuliza kwa nini. Ndiyo pia miaka ambayo tatizo la kusikia au la kuona linaweza kukaa naye bila mtu yeyote kulitambua, hadi mwalimu mwenye darasa lenye watoto wengi kupita kiasi amwite mzito au mkaidi.

Damu, masikio na macho

Utafiti wa kitaifa wa afya na malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Miongoni mwa mikoa yenye viwango vikubwa zaidi ni Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayosifika kwa kuilisha nchi. Jambo hilo lapaswa kuwasumbua wote wanaodhani kwamba udumavu ni tatizo la ghala tupu. Mtoto anaweza kushiba ugali na uji kila siku, na bado akakosa vitu ambavyo mwili na ubongo huhitaji ili kukua.

Kimojawapo ni madini chuma. Mtoto huzaliwa na akiba yake, lakini akiba hiyo hupungua sana anapofikia miezi sita, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana madini chuma kidogo. Ubongo huyahitaji ili kutengeneza utando unaofunika nyuzi za neva na kuharakisha mawasiliano kati ya sehemu zake. Mtoto aliyepungukiwa huchoka upesi, hucheza kidogo, hajishughulishi na vitu vilivyo mbele yake, na kwa hiyo hujifunza kidogo hata pale anapofundishwa. Zaidi ya nusu ya watoto wa Tanzania wenye umri wa kati ya miezi 6 na 59 wana upungufu wa damu wa kiwango fulani. Chanzo si madini chuma peke yake. Malaria, minyoo na selimundu vina sehemu yao.

Vyakula vinavyosaidia havihitaji safari ya mbali: dagaa waliosagwa na kuchanganywa katika mboga, maini, nyama, maharagwe, na majani ya kijani yakiliwa pamoja na ndimu, chungwa au embe, kwa kuwa vitamini C husaidia mwili kufyonza madini chuma ya mimea. Kuna desturi moja inayofaa kuachwa, nayo ni kumpa mtoto mdogo chai pamoja na chakula. Chai huzuia ufyonzwaji wa madini hayo. Ni kinywaji cha heshima mezani kwa wakubwa, lakini kwa mtoto wa miaka miwili mwenye damu pungufu ni hasara. Dawa za kuongeza damu zisinunuliwe dukani kwa kukisia. Mtoto mwenye selimundu, kwa mfano, anaweza kuwa na damu pungufu bila kukosa madini chuma, na matibabu yake ni mengine.

Masikio yanahitaji kuangaliwa kuliko yanavyoangaliwa sasa. Usaha unaotoka sikioni umezoeleka kiasi kwamba baadhi ya familia huuona kama sehemu ya utoto, kama meno kutoka. Usaha uliodumu wiki mbili au zaidi ni ugonjwa sugu wa sikio la kati. Mara nyingi hutokana na ngoma ya sikio iliyotoboka, na hupunguza usikivu. Mafuta, maziwa ya mama au maji ya majani visitiwe humo. Sikio hukaushwa kwa kitambaa safi kilichosokotwa, mara kadhaa kwa siku, na mtoto hupelekwa kituoni kwa dawa. Mtoto asiyesikia vizuri si lazima awe bubu. Anaweza kusikia akiitwa kwa sauti kubwa, lakini asitofautishe “pata” na “bata” mwalimu anapozungumza kutoka mbele ya darasa lenye kelele. Kipimo cha awali hakihitaji mashine: mhudumu husimama nyuma ya mtoto, nje ya upeo wa macho yake, na kwa sauti ya chini humwomba ataje jina lake au aguse pua. Asiyejibu kwa kurudiarudia apelekwe kwa uchunguzi kamili.

Kwa macho, hoja kuu ni wakati. Jicho lenye makengeza, au lenye uoni hafifu kuliko lenzake, huanza kupuuzwa na ubongo, na jicho lililopuuzwa muda mrefu hupoteza uwezo wa kuona ingawa lenyewe si bovu. Kulifunika jicho zuri ili lile dhaifu lilazimike kufanya kazi ni tiba inayofaa zaidi katika umri mdogo. Kungoja hadi mtoto ashindwe kusoma ubaoni ni kuchelewa. Weupe unaoonekana ndani ya mboni haungoji hata wiki moja, kwa kuwa unaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani. Kote kuwili rufaa ni ya haraka.

Lugha haianzi na herufi

Mtoto mchanga akitoa sauti na mama akamjibu kwa sauti na uso, mazungumzo yamekwisha anza. Wataalamu wa makuzi huita jambo hili malezi yenye mwitikio: mtoto hutoa ishara, mlezi huitambua na kuijibu kwa namna inayofaa. Limo miongoni mwa nguzo tano za malezi zilizowekwa na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia mwaka 2018, pamoja na afya bora, lishe ya kutosha, usalama na ulinzi, na fursa za kujifunza mapema. Tanzania ilizichukua nguzo hizo katika Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021.

Jina la programu ni refu, lakini kazi inayotakiwa nyumbani ni ya kawaida kabisa. Mama anayechambua mchicha akiwa na mtoto pembeni anaweza kumwambia lipi ni jani na kipi ni kijiti, lipi limeoza na lipi ni zuri, yamebaki mangapi. Baba anayetengeneza baiskeli anaweza kumwomba amletee kile kidogo, siyo kile kikubwa. Ukubwa, udogo, juu, chini, ndani, kabla, baada: hizo ndizo hisabati za awali, nazo huingia kwa mazungumzo. La muhimu ni kumwuliza mtoto swali na kisha kungoja. Watu wazima wengi huuliza na kujijibu wenyewe. Mtoto wa miaka miwili huhitaji muda wa kuyatafuta maneno, na mlezi anayehesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kusema tena mara nyingi hupata jibu asilolitarajia.

Vitendawili na ngano za jioni vilifanya kazi hiyo kabla ya kuwapo mitaala. Kitendawili humlazimisha mtoto kufikiri kitu kwa umbo la kitu kingine. Ngano humfundisha kukumbuka kilichotangulia ili aelewe kinachofuata. Kiswahili nacho kina fadhila yake. Maandishi yake hufuata matamshi kwa karibu sana, hivyo mtoto anayeweza kulikata neno katika silabi kwa kupiga makofi, ki-a-zi, m-to-to, ka-ra-nga, amekwisha fanya nusu ya kazi ya kusoma kabla hajaiona kalamu.

Swali huulizwa mara kwa mara kliniki: familia inayozungumza Kisukuma, Kihaya, Kimaasai au Kimakonde nyumbani, iache lugha hiyo ili mtoto aizoee lugha ya shule? Haifai. Mtoto hujenga fikra kwa lugha ambayo wazazi wake wanaimudu vizuri, na lugha ya kwanza iliyokomaa humrahisishia kujifunza ya pili. Mzazi anayebabaika kwa lugha asiyoijua humpunguzia mtoto mazungumzo. Kiswahili kiongezwe kwa njia ya majirani, michezo, nyimbo na redio, na kabla ya siku ya kwanza mtoto awe na maneno ambayo hawezi kuishi bila hayo darasani: maji, choo, ninaumwa, naogopa. Ushauri huohuo unawafaa wazazi wa mjini wanaomkatiza mtoto wa miaka mitatu Kiswahili chake kwa Kiingereza cha kuungaunga.

Televisheni na simu janja hazijibu ishara za mtoto. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haupendekezi kioo kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili, na kwa wa miaka miwili hadi minne unataka kisizidi saa moja kwa siku. Mwongozo huohuo unawatakia wa miaka mitatu na minne usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, na angalau dakika 180 za kujongea na kucheza.

Kucheza kwenyewe ni mafunzo ya utulivu. Katika mchezo wa nyama, kiongozi hutaja mnyama, na watoto huitikia iwapo mnyama huyo huliwa; akitajwa fisi, wote wanyamaze. Kila anayefaulu kunyamaza ameshinda msukumo wa mwili wake, na uwezo huohuo ndio atakaoutumia kunyoosha mkono badala ya kupiga kelele darasani. Kombolela humfundisha kungoja akiwa amejificha, na ukuti humfundisha kwenda kwa mwendo wa wenzake. Fimbo haileti matunda hayo. Mtoto anayepigwa hutulia kwa hofu, na hofu ikizoeleka huuweka ubongo katika hali ya kujihami, ambayo si hali ya kujifunza.

Ushahidi kwamba mambo haya hudumu ulitoka Jamaika. Mwaka 1991, Sally Grantham-McGregor na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya utafiti uliohusisha watoto 129 waliodumaa, wa umri wa miezi 9 hadi 24, katika mitaa maskini ya Kingston. Baadhi walipewa maziwa kila wiki, baadhi walitembelewa nyumbani, baadhi walipata vyote viwili, na kundi jingine halikupata kimojawapo. Waliowatembelea walikuwa wahudumu wa afya wa jamii, si walimu. Kwa miaka miwili walifika kila wiki kwa muda wa saa moja, wakiwa na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mikono, na waliwaonyesha kina mama namna ya kucheza na kuzungumza na watoto wao. Watoto hao walipofuatiliwa wakiwa na umri wa takriban miaka 22, waliokuwa wametembelewa walikuwa na kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao wasiotembelewa, na matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 2014. Faida ya maziwa peke yake haikudumu hivyo. Kundi lilikuwa dogo, na Kingston si Kongwa. Hata hivyo ni vigumu kuyasoma matokeo hayo na kuendelea kuamini kwamba makuzi ya akili ni kazi ya shule peke yake.

Foleni ya matone ya vitamini A

Kliniki haiwezi kuongezewa saa ambazo haina. Lakini ziko nafasi ambazo tayari zipo. Kila mwaka, Juni na Desemba, watoto wa miezi 6 hadi 59 huitwa kupewa matone ya vitamini A, na wa kuanzia mwaka mmoja hupewa dawa ya minyoo. Mtoto asiyekosa atapita mbele ya mhudumu takriban mara saba kati ya miezi 18 na miaka mitano. Kwa sasa foleni husogea, matone huingia mdomoni, jina huandikwa, na mtoto huondoka. Maswali matatu yanaweza kuulizwa mama akiwa bado kwenye foleni: mtoto anasema nini siku hizi, anacheza na nani, na kwa vitu gani, na je, kuna lolote kuhusu kusikia, kuona, kutembea au tabia yake linalomtia mzazi wasiwasi? Swali la tatu lina uzito kuliko yote. Wasiwasi wa mama mara nyingi huwa na msingi, na usijibiwe kwa kauli kwamba watoto wa kiume huchelewa kusema.

Mtoto asiyetembea peke yake akiwa na miezi 18, asiyeunganisha maneno mawili akiwa na miaka miwili, ambaye maneno yake hayaeleweki kwa mtu wa nje akiwa na miaka mitatu, au aliyepoteza uwezo aliokuwa nao katika umri wowote, anahitaji kuchunguzwa, si kusubiriwa. Baadhi watakutwa na tatizo la sikio, baadhi usonji, baadhi mtindio wa ubongo, na wengine hawatakutwa na kitu. Ugunduzi hauondoi haki ya kwenda shule. Huwapa wazazi na mwalimu muda wa kupanga namna ya kumsaidia.

Miezi miwili ya mwisho kabla ya kuandikishwa ina kazi ndogondogo. Mtoto azoeshwe kulala mapema na kunywa uji kabla ya kutoka, kwa kuwa njaa ya saa nne asubuhi hufanana sana na utovu wa nidhamu. Ajue kuvua na kuvaa nguo mwenyewe, na kunawa mikono kwa sabuni. Apelekwe kukiona choo cha shule, kwa sababu tundu kubwa la choo kigeni huwatisha wadogo, na wapo wanaojizuia haja hadi jioni kisha wakapata maumivu ya tumbo. Alijue jina lake kamili. Wako wanaoitwa majina ya utani nyumbani na ambao hawaitiki mwalimu anapoita orodha.

Kadi ya kliniki isitupwe sandukuni siku hiyo. Mzazi aende nayo, na amweleze mwalimu kwa faragha yale ambayo jicho halioni: degedege, pumu, sikio lililowahi kutoa usaha na upande ambao mtoto husikia vizuri zaidi, ili aketishwe mbele upande unaofaa. Kwa mtoto mwenye selimundu, mwalimu aelezwe kwamba ni lazima anywe maji mara kwa mara, kwamba kwa sababu hiyo ataomba ruhusa ya kwenda chooni kuliko wenzake na asinyimwe, na kwamba akilalamika maumivu au akipata homa, familia iitwe siku hiyohiyo.